Tafakuri ya Kila Siku kwa Kalamu: Njia Tano Zilizolinganishwa kwa Anayetaka Kujijua

Ushauri wa kuandika kila siku unatolewa kila mahali, ila wanaoutoa mara chache husema uandike nini. Mtu ananunua daftari, anajaza kurasa chache za mwanzo kwa bidii, kisha daftari linahamia chini ya godoro. Mara nyingi tatizo si uvivu. Amechukua njia iliyotengenezewa kazi nyingine. Kuna kuandika ili kutua mzigo, kuna kuandika ili kutunza kumbukumbu, na kuna kuandika ili kujijua, yaani kuona yale unayoyafanya bila mwenyewe kutambua: unakasirika ukiwa na nani, saa ngapi, kwa jambo gani, na ukishakasirika unafanya nini. Haya matatu hupakana lakini si mamoja, na njia inayofaa kwa moja inaweza kukwamisha jingine.

Hapa tunaziweka njia tano pamoja na kuzipima kwa swali moja: kila moja inamsaidia mtu kujiona kwa kiasi gani? Tunawafikiria wasomaji wa Kiswahili walioko Uganda, kuanzia mwenye duka Kikuubo, Kampala, na askari kambini hadi mwalimu wa sekondari Arua na familia iliyokimbilia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Faragha yao, umeme wao na muda wao ndivyo vitakavyoamua, hata kabla ya ubora wa njia yenyewe.

| Njia | Muda | Mara ngapi | Inaonyesha nini | Huharibikia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Kuandika bila kusimama | dakika 10–15 | kila asubuhi | yanayojificha chini ya shughuli | hugeuka manung'uniko |
| Maswali matatu ya kudumu | dakika 7–10 | kila jioni | mwenendo wako mbele ya watu | majibu ya mazoea |
| Mstari mmoja kwa siku | dakika 2 | kila usiku | yanayojirudia kwa mwezi | namba zisizo na sababu |
| Mzunguko wa Gibbs | dakika 40 | mara 1 au 2 kwa wiki | tukio moja kwa kina | kujitetea |
| Kuandika jambo zito | dakika 15–20 | siku 3 au 4, basi | jeraha lililofichwa | kulianza mapema mno, peke yako |

Kuandika bila kusimama

Weka saa ya simu dakika kumi, anza kuandika, na kalamu isisimame hadi mlio. Usisahihishe tahajia, usirudi nyuma kusoma. Ukikosa la kusema, andika "sina la kusema" mpaka lije lingine. Kwa mwandiko wa kawaida, dakika kumi hutoa karibu ukurasa mmoja wa daftari la shule, kwa hiyo daftari la kurasa 96 linakwenda miezi mitatu hivi. Sehemu ya kwanza ya kila ukurasa huwa ni mambo ya juu juu: ada ya watoto, mvua, deni la duka. Usiihukumu. Lililo zito huelekea kujitokeza baadaye, wakati akili imechoka kupanga maneno na kalamu bado inadaiwa kwenda.

Njia hii inampendeza mtu mwenye kichwa kilichojaa, na asubuhi ndiyo saa yake, kabla ya kufungua simu. Lakini ndiyo njia inayopotosha watu wengi zaidi katika hizi tano. Mwaka 1999 wanasaikolojia Paul Trapnell na Jennifer Campbell walitenganisha aina mbili za kujifikiria: ile inayotokana na udadisi wa kujielewa, na ile inayotokana na hofu, hasara au kuonewa, ambayo humzungusha mtu palepale. Susan Nolen-Hoeksema alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba kujitafuna huku kwa mawazo hurefusha huzuni badala ya kuimaliza. Kuandika bila kusimama hakukuambii uko upande gani. Ukurasa unajaa, mtu anajiona amefanya kazi, kumbe amezunguka tu.

Dalili zinaonekana kwenye karatasi yenyewe. Sentensi ileile inarudi siku ya tatu mfululizo. Maneno "siku zote" na "hata siku moja" yanazidi. Sentensi nyingi zinaanza kwa "kwa nini mimi". Ukiziona, bakiza dakika mbili za mwisho kwa ajili ya maswali mawili tu: *ni nini hasa kilichotokea?* na *nini kati ya haya kiko mikononi mwangu leo?* Swali la "kwa nini" humvuta mtu kutunga hadithi ya kujitetea au kujilaumu. Swali la "nini" humrudisha kwenye mambo yanayoweza kuhakikishwa. Mbinu nyingine, ambayo Ethan Kross na Özlem Ayduk wameichunguza kwa miaka, ni kujitazama kwa umbali: andika ukijitaja kwa jina lako, kama unayemzungumzia jirani. "Amina alinyamaza kikaoni ingawa alijua hesabu si sahihi" ni sentensi inayoruhusu kuulizwa maswali. "Siku zote naonewa" hairuhusu.

Maswali matatu ya kudumu

Kwa watu wengi hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza, na hatuoni haya kusema hivyo mapema. Mifupa yake inajulikana tayari. Wakatoliki wana mtihani wa dhamiri wa kila siku uliofundishwa na Ignatius wa Loyola katika karne ya 16, na Waislamu wana muhasaba, kuihesabu nafsi mwisho wa siku. Tofauti ni moja tu, nayo ina uzito. Katika ibada mtu anatafuta jema na baya mbele ya Mungu. Katika daftari hili anatafuta kwanza kilichotokea. Ukichanganya, daftari linakuwa orodha ya dhambi, na mtu anayejiandikia hukumu kila usiku huanza kuficha ushahidi bila kujua. Omba au swali kama kawaida yako, na daftari lipate dakika zake peke yake.

Maswali yenyewe ni haya:

1. Ni wakati gani leo moyo wangu uligeuka ghafla? Taja saa, mahali na aliyekuwepo.
2. Mwili ulifanya nini, na mimi nikafanya nini mara baada ya hapo?
3. Nilitaka nini hasa wakati ule?

Tazama tofauti kati ya maandishi mawili ya muuza vitenge kuhusu tukio lilelile. La kwanza: "Leo mteja kanikera. Siku mbaya. Mungu nisaidie." La pili: "Saa nne asubuhi, dukani. Mteja karudisha kitenge akisema rangi inachuja, akanisemea mbele ya watu watatu. Masikio yalipata moto, mikono ikawa inakunja-kunja kitambaa. Nikamrudishia pesa zote papo hapo ingawa kitenge kilikuwa kimeshakatwa. Nilitaka wale watatu wasinione tapeli."

La pili ni sentensi chache tu, lakini linafichua jambo ambalo la kwanza haliwezi kulifichua hata likiandikwa mara mia: pesa haikurudishwa kwa ajili ya mteja, ilirudishwa kwa ajili ya watazamaji. Maandishi ya namna hiyo yakijitokeza mara tatu kwa mwezi, mwenye duka anajua kuwa analipa gharama ya kuogopa macho ya watu, na anaweza kuweka kanuni ya kazi: bidhaa iliyorudishwa inajadiliwa ndani, si mezani mbele ya foleni. Swali la tatu ndilo lenye kazi kubwa, na ndilo linalorukwa. Ukilijibu kwa neno moja kama "heshima" au "amani", hujalijibu. Endelea mpaka jibu liwe na watu ndani yake.

Kufikia wiki ya tatu majibu huanza kufanana, si kwa sababu siku zinafanana bali kwa sababu mkono umezoea. Dawa yake: swali la kwanza na la pili yabaki kama yalivyo, ili mwezi uweze kulinganishwa na mwezi, na la tatu libadilike kila mwanzo wa mwezi. "Nani leo sikumsikiliza hadi mwisho?" ni zuri. "Nilikubali wapi huku moyoni nikikataa?" ni kali zaidi, na linawafaa wale wanaosifiwa kwa upole.

Saa ya kuandika isitegemee hamu. Hapa tuna bahati ya kukaa kwenye ikweta: Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Anayefunga tafakuri yake na giza kuingia, iwe baada ya Magharibi au baada ya kufunga kibanda, ana kengele isiyobadilika kwa misimu. Usiisogeze hadi kitandani. Usiku wa manane mtu huandika uchovu wake akidhani anaandika siku yake.

Mstari mmoja kwa siku

Hii ni ya boda anayelala saa sita usiku, askari wa zamu na mama mwenye kichanga. Chora safu nne: tarehe, saa za usingizi, hali ya moyo kwa namba, na tukio moja kwa maneno yasiyozidi kumi. Daftari la kurasa 48 lenye mistari 25 kila ukurasa lina nafasi ya siku 1,200, zaidi ya miaka mitatu.

Kosa la kawaida ni kutumia kipimo cha 1 hadi 5. Watu hukimbilia 3, na mwezi mzima wa 3 haufundishi kitu. Tumia 1 hadi 4, ambapo hakuna katikati. Lazima uamue kama siku ilielemea chini au juu. Safu ya tukio isiachwe wazi hata siku moja, kwa maana namba bila sababu ni kama kipimo cha joto kisichotaja mgonjwa. Subiri wiki nne kabla ya kutafuta maana. Kinachojitokeza mara nyingi ni uhusiano wa usingizi na hasira, au wa siku fulani ya wiki na huzuni, mambo ambayo maandishi marefu huyazika kwa wingi wa maneno. Njia hii haitakuambia kwa nini. Itakuambia wapi pa kuchimba.

Mzunguko wa Gibbs

Graham Gibbs aliutoa mwaka 1988 nchini Uingereza, na hadi leo unatumika sana kufundishia wauguzi na walimu. Una hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Walimu wa Uganda wanamfahamu mdogo wake, ile sehemu ya tathmini binafsi mwishoni mwa andalio la somo, na wanajua pia inavyokufa: "Somo lilikwenda vizuri," kila siku, kwa kila darasa, kwa sababu mkaguzi ndiye msomaji. Mzunguko mzima unataka msomaji awe wewe.

Gawa dakika 40 hivi: tano za maelezo, tano za hisia, tano za tathmini, kumi na tano za uchambuzi, tano za hitimisho, tano za mpango. Mgawo huu si mapambo. Bila saa, maelezo humeza nusu ya ukurasa, maana kusimulia ni rahisi na hakuumi. Hisia zimetangulia tathmini kwa makusudi: ukishaamua kwamba ulifanya vema au vibaya, hisia zitajipanga kufuata hukumu.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kiswahili, kidato cha pili.

*Maelezo:* Kipindi cha tatu. Mwanafunzi kasema "mtoto kimeanguka", wenzake wakacheka, naye akacheka nao. Nikamtoa nje.

*Hisia:* Aibu kwanza. Hasira ikaja baadaye.

*Tathmini:* Kelele zilikoma. Ila hakuna aliyenyoosha mkono tena hadi kengele.

*Uchambuzi:* Nilidhani wanacheka ufundishaji wangu. Ukaguzi ulikuwa umetangazwa wiki hiyo, na kila kicheko nilikiona kama ushahidi dhidi yangu. Mwanafunzi mwenyewe hakuwa amekosa adabu. Alikosea ngeli, jambo ambalo kila anayejifunza Kiswahili hulikosea.

*Hitimisho:* Nilimwadhibu kwa hofu yangu ya ukaguzi.

*Mpango:* Jumatano kipindi cha kwanza, kabla ya kufungua vitabu, nitamuuliza swali analoliweza. Kicheko kikitokea tena, nitaandika sentensi iliyokosewa ubaoni na kuwauliza wote ngeli yake kabla ya kusema lolote juu ya nidhamu.

Angalia pale hisia ziliposema aibu ilitangulia hasira. Bila hatua hiyo uchambuzi ungeishia kwenye utovu wa nidhamu wa darasa, na mwalimu angetoka akiwa na hakika zaidi na ujuzi uleule. Hapo ndipo mzunguko huu huvunjika kwa wengi: uchambuzi unakuwa kesi dhidi ya mtu mwingine. Njia ya kujikagua ni kuhesabu viima. Kama sentensi nyingi za uchambuzi zinaanza na "yeye" au "wao", rudia dakika tano ukianza kila sentensi na "mimi". Mpango nao usikubali neno "nitajitahidi". Uwe na siku, mahali na tendo la kwanza.

Wanafunzi wa uuguzi na ualimu wanaodaiwa kuwasilisha tafakuri chuoni waandike mbili: ya mkufunzi na ya kwao. Ya mkufunzi itaandikwa kwa tahadhari, na ni haki iwe hivyo. Jina la mgonjwa lisiingie katika yoyote kati ya hizo mbili.

Kila siku ni mara nyingi mno kwa mzunguko huu. Mtu atachoka, ataanza kutafuta matukio yasiyokuwepo.

Kuandika jambo zito

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio lililowataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Kundi lililoandika kuhusu tukio lililowaumiza, likiunganisha yaliyotokea na jinsi walivyojisikia, lilikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Majaribio mengi yalifuata. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya 146 kati yake: faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Anayekuahidi uponyaji kwa kalamu anazidisha.

Tunaiweka hapa kwa sababu watu huigeuza kuwa zoezi la kila siku, jambo ambalo haikutengenezewa. Ni siku tatu au nne, dakika 15 hadi 20, kisha unaacha. Mara tu baada ya kuandika moyo huwa mzito zaidi, na hilo ni la kawaida. Ndiyo maana hufanyi kabla ya kulala wala kabla ya kupanda boda kwenda kazini. Tenga saa nzima baada yake isiyo na shughuli. Unaweza kuichana karatasi, hakuna anayepaswa kuisoma. Na kuna kanuni ambayo Pennebaker mwenyewe anaisisitiza: ukihisi jambo fulani litakuvunja ukiliandika, liache, andika lingine.

Kwa aliyepitia vita, ubakaji au kifo cha ghafla cha karibuni, ushauri wetu ni mkali zaidi: usianze peke yako. Nakivale, Kyaka II na Kyangwali kuna familia nyingi zilizotoka Kongo zikiwa na mambo ya namna hii, na daftari katika chumba chenye watu sita si mahali pa kuyafungulia. Anza kwa mtu, mhudumu wa afya au mshauri wa kambi. Aliye na mawazo ya kujiua, anayesikia sauti, au asiyelala kwa siku kadhaa aende kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko anaweza kuelekezwa hospitali ya mkoa au Butabika, hospitali ya rufaa ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala. Kalamu itangoja.

Daftari la shukrani tumeliacha nje ya jedwali kwa makusudi. Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha mwaka 2003 kuwa walioorodhesha mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao vizuri zaidi kuliko walioorodhesha kero. Ni zoezi jema la moyo. Kwa kujijua, halisaidii sana, kwa kuwa linachuja siku na kubakiza upande mmoja.

Karatasi au simu, na kwa lugha ipi

Aliyepanga chumba kimoja, muzigo kama wanavyouita Kampala, hana droo ya kufunga. Hilo si jambo dogo. Mtu anayeogopa kusomwa na mume, mke au shemeji huandika ya kusomwa. Kwake simu yenye neno la siri inaweza kuwa na faragha kuliko daftari, mradi awe na programu ya madokezo inayofungwa kivyake na nakala iliyohifadhiwa kwenye akaunti, kwa sababu simu huibwa. Asijitumie ujumbe mwenyewe kwenye programu anayowasiliana nayo na watu: siku moja ujumbe huo utakwenda kwa mtu mwingine. Na kabla ya kupeleka simu kwa fundi, maandishi yahamishwe.

Kwa aliye na faragha, karatasi inashinda. Haiishiwi chaji umeme ukikatika, haileti taarifa za kundi la familia katikati ya sentensi, na mwendo wake wa polepole unalazimisha kuchagua. Anayetaka daftari gumu achukue kaunta buku. Kwa anayetaka kuchana na kuchoma, daftari laini la mwanafunzi ni bora. Majina ya watu yaandikwe kwa herufi moja, na herufi isiwe ya kwanza ya jina.

Kurekodi sauti kunawavutia wasiopenda kuandika. Kusema ni kwepesi, lakini ni wachache wanaorudi kusikiliza, na bila kurudi kazi haijafanyika.

Kuhusu lugha: Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi, na wengi sasa wanakisoma shuleni au wanakitumia kazini huku nyumbani wakiongea Kiganda, Kilugbara au Kinubi. Andika tukio kwa lugha iliyokuwa inasemwa lilipotokea, hasa maneno ya ugomvi, neno kwa neno. Kisha hisia uziandike kwa ile unayoitumia kugombana na ndugu zako. Kuchanganya si kosa hapa, hakuna mtihani. Lugha ya ofisini ikitawala ukurasa mzima, maandishi huwa safi na mwandishi hayumo.

Kusoma upya, kazi inayoachwa

Njia zote nne za kuendelea, yaani zote isipokuwa kuandika jambo zito, zinakutana hapa, na hapa ndipo hasa mtu anapojiona. Kuandika kunakusanya ushahidi. Siku unapoandika uko ndani ya tukio na huwezi kuona umbo lake. Tenga dakika 20 mara moja kwa wiki, Jumamosi au Jumapili mchana, usiandike jipya siku hiyo, na uwe na kalamu ya rangi nyingine.

Soma wiki nzima bila kusimama. Mara ya pili zungushia kila mtu aliyetajwa, pigia mstari kila tendo lako, na pembeni andika saa ya tukio. Kisha hesabu. Nani katokea mara tatu au zaidi? Matendo yako ni ya aina gani: kunyamaza, kupaza sauti, kutoa pesa, kuondoka? Matukio yanakusanyika saa ngapi? Mara nyingi kinachoshangaza si hasira yenyewe bali kinachoifuata.

Baada ya kuhesabu, jaza sentensi moja ya umbo hili: *Nikiwa hivi, na fulani akifanya vile, huwa nafanya hivi.* Kwa mfano: "Nikikosa usingizi, na ndugu akipiga simu kuomba pesa, huwa nakubali, halafu jioni nawakaripia watoto." Hiyo ni kauli inayoweza kupimwa. Wiki inayofuata weka alama kila hali hiyo inapotokea: tiki ikitimia, X isipotimia. Ikishindwa nusu ya mara, sentensi si kweli, irekebishe. Labda si usingizi, labda ni siku za mwisho wa mwezi. Ikitimia, jaribu kubadilisha kipande kimoja tu, kile kilicho chepesi zaidi: simu ya ndugu isipokelewe kabla ya chakula cha jioni, ipigwe baadaye.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Daftari linaona kwa macho yako, na yale usiyoyatambua kabisa hayataingia humo. Mara moja kwa mwezi muulize mtu mmoja unayemwamini, "Mwezi huu nimekuudhi wapi?" Usimjibu. Andika alichosema, kisha tafuta siku hiyo kwenye daftari uone wewe uliandika nini.

Uanze na ipi

Mwenye dakika kumi tulivu jioni aanze na maswali matatu. Mwenye asubuhi na kichwa kilichojaa aandike bila kusimama, lakini asiache zile dakika mbili za mwisho. Wa zamu za usiku na mwenye mtoto mchanga achukue mstari mmoja. Mwalimu, muuguzi na yeyote anayesimamia watu aongeze Gibbs kila Ijumaa, akichukua tukio lililomrudia zaidi wiki hiyo. Hiyo ndiyo nyongeza tunayoiamini: maswali matatu kila siku na Gibbs mara moja kwa wiki. Ila zisianze zote wiki moja. Ya pili iingie baada ya mwezi.

Wiki nne zikipita bila sentensi hata moja ya "nikiwa hivi, huwa nafanya hivi" iliyokushangaza, badilisha njia. Na siku ulizoruka usizijaze kwa kurudi nyuma. Tukio la Jumatatu linaloandikwa Ijumaa limeshasahihishwa kichwani mara nyingi, aibu imeondolewa na maneno makali yamelainishwa, na litakuharibia hesabu ya wiki. Acha nafasi wazi, andika tarehe ya leo, endelea.